Juu ya Uchaguzi wa Hedifoni na Maikrofoni kwa Kazi ya Lugha Nyumbani: Mifano kutoka Musoma, Bunda na Butiama

Makala haya yamekusudiwa kwa wale wafanyao kazi ya lugha nyumbani kwao, mbali na studio na maabara: mwalimu wa Musoma akusanyaye hadithi za Kijita wakati wa likizo, mwanafunzi wa Bunda aandikaye tasnifu juu ya vitenzi vya Kiikizu, mkazi wa Butiama atakaye kuhifadhi Kizanaki cha bibi yake maadamu bibi yungali hai. Wote hao kwa kawaida huanza na simu ya mkononi pamoja na visikilizio vidogo vilivyonunuliwa nayo. Kazi ikiendelea, hufika siku ambapo kila mmoja hujiuliza: je, ninunue vyombo bora zaidi? Na nikinunua, nianze na kipi?

Muuza duka atamjibu kwa bei na kwa sifa za kiwanda. Mpenzi wa muziki atamjibu kwa utamu wa sauti. Majibu yote mawili yana haki yake, lakini hayatoshi kwa mtu wa lugha. Kwake yeye chombo chema ni kile kisichomficha tofauti ambayo lugha yenyewe huitumia kutenganisha maana na maana. Chombo kinachopendeza sikio lakini kikazifanya irabu mbili kuwa kitu kimoja kimemdanganya, na udanganyifu huo utaingia katika daftari lake, kisha katika kamusi, na kutoka hapo utanukuliwa na watu wasiopata kamwe kufika Mara. Kwa hiyo shabaha yetu hapa ni kueleza jinsi ya kuchagua kwa kufuata mahitaji ya lugha, na kuonyesha ni mambo gani yanayostahili fedha na yapi yasiyostahili.

I. Juu ya majina

Yafaa kuanza na majina, kwa kuwa machafuko ya maneno huleta machafuko ya ununuzi. Neno *kipaza sauti* limetokana na kitenzi *kupaza*, na kwa asili ya maana yake lingefaa chombo kitoacho sauti kwa nguvu. Walakini katika mikutano ya hadhara watu hukiita *kipaza sauti* kile ashikacho msemaji mbele ya kinywa chake, na pembe ile iliyofungwa juu ya gari huiita vivyo hivyo. Mtu akiagiza *kipaza sauti* kutoka Mwanza, aweza kuletewa kimojawapo kati ya vitu viwili vilivyo kinyume kabisa: kimoja hugeuza sauti kuwa umeme, na kingine hugeuza umeme kuwa sauti. *Kinasa sauti* nalo ni jina zuri, maana kunasa ni kutega na kushika, nalo lingekifaa vyema chombo kile cha kwanza. Lakini mazoea yamekwisha kulipa kazi ya kutaja mashine ihifadhiyo sauti.

Kwa sababu hizo, katika makala haya *maikrofoni* ni kile chombo kipokeacho sauti ya msemaji; *kinasa sauti* ni mashine ihifadhiyo; *kikuza sauti* ni sehemu iongezayo nguvu ya umeme wa sauti kabla ya kuhifadhiwa au kusikilizwa; na *hedifoni* ni vile visikilizio vivaliwavyo kichwani na kufunika masikio, ambavyo wengine huviita vipokea sauti vya masikioni. Vile vidogo vitiwavyo ndani ya tundu la sikio nitaviita *visikilizio vidogo*.

II. Ni nini kinachotafutwa

Nchi ya Mara ni mahali pazuri pa kulifikiria jambo hili, kwa kuwa lugha zake ni nyingi na tofauti zake za sauti ni nyembamba. Kandokando ya Ziwa Viktoria, upande wa Musoma na Majita, husemwa Kikwaya na Kijita; upande wa Bunda husemwa Kiikizu, Kisizaki na Kijita; Butiama ni nyumbani kwa Kizanaki; na kaskazini zaidi wako wasemaji wa Kikurya na wa Kijaluo. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulizionyesha lugha hizi pamoja na nyinginezo za nchi katika atlasi yake ya mwaka 2009.

Uchunguzi wa kitaalamu katika eneo hili si wa jana. Mwaka 1955 W. H. Whiteley aliandika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha London juu ya kitenzi cha Kikurya. Mwaka 1996 kilitoka kitabu cha Laura Downing juu ya toni ya Kijita. Mwaka 1998 Chacha Nyaigotti Chacha na David Odden walichapisha makala juu ya kupanda na kushuka kwa irabu katika Kikurya. Kazi hizi zatufundisha mambo mawili ambayo mnunuzi wa vyombo hana budi kuyaweka mbele ya macho yake.

La kwanza ni irabu. Kiswahili kina irabu tano, na Kijita vilevile. Lakini Kikurya na Kiikizu zina irabu saba. Maana yake ni kwamba kati ya *i* na *e* tunazozijua kuna daraja nyingine, na kadhalika kati ya *u* na *o*. Mtu aliyelelewa katika Kiswahili huisikia irabu ile ya katikati mara kama *i*, mara kama *e*, na kuiandika kwa namna mbili katika ukurasa mmoja. Wanafonetiki hutambua kimo cha irabu kwa kilele cha kwanza cha mwangwi wa kinywa, kiitwacho fomanti ya kwanza. Kwa irabu za juu kilele hicho huwa chini sana, kiasi cha mitetemo 300 kwa sekunde, nacho hupanda kadiri irabu inavyoshuka. Tofauti kati ya daraja moja na inayofuata yaweza kuwa mitetemo 100 tu au chini ya hapo. Basi chombo kisichopokea vema sauti za chini huiharibu tofauti hiyo kabla ya nyingine zote.

La pili ni toni. Katika Kikurya wataalamu wameonyesha kuwa wakati na hali ya kitenzi huweza kutambulikana kwa mahali ianziapo toni ya juu: katika mora ya kwanza ya shina, au ya pili, au ya tatu, au hata ya nne. Mwenye kusikiliza hana budi kujua sauti imepanda wapi hasa, wala haitoshi kujua tu kwamba imepanda. Sauti ya mwanamume kwa kawaida hutetema kiasi cha mara 100 hadi 150 kwa sekunde, na ya mwanamke kiasi cha mara 200. Huko ndiko toni inakokaa.

Tukiongeza la tatu, ni konsonanti za mkwaruzo. Chukua maneno yetu mawili ya Kiswahili, *thamani* na *samani*. Kinachoyatenganisha ni mvumo mwembamba ambao sehemu yake kubwa iko juu ya mitetemo 4,000. Simu ya kawaida hupitisha sauti za kati ya mitetemo 300 na 3,400 tu. Ndiyo sababu mtu akitajiwa jina geni kwa simu huomba atajiwe herufi moja moja. Na simu hiyo hiyo, kwa kukata sauti za chini ya 300, huzifanya irabu za juu zionekane katika vipimo kana kwamba zimeshuka. Ajabu ni kwamba toni huokoka, kwa kuwa sikio la mwanadamu huweza kukisia mtetemo wa msingi kutokana na mitetemo ya juu yake. Kwa hiyo mtu aweza kuchunguza toni kwa simu akafanikiwa, akajiamini, kisha akapotea katika irabu.

III. Chumba kwanza

Kabla ya kutoa shilingi moja kwa ajili ya maikrofoni, mtafiti na akitazame chumba chake. Nyumba nyingi za mijini Musoma na Bunda zina kuta za saruji, sakafu ngumu na paa la mabati. Kuta na sakafu hurudisha sauti, na mwangwi huo hufunika mwisho wa silabi moja kwa mwanzo wa nyingine. Maikrofoni ya gharama kubwa katika chumba kitupu huuhifadhi mwangwi huo kwa uaminifu mkubwa, nayo haina faida nyingine.

Jaribio lake ni jepesi. Simama katikati ya chumba upige kofi moja. Ukisikia mlio wa kuvuma baada ya kofi, chumba hakifai bado. Chumba cha kulala chenye godoro, nguo zilizotundikwa na pazia zito ni bora kuliko sebule yenye viti vichache na sakafu ya vigae. Mablanketi mawili yaliyoangikwa nyuma na ubavuni mwa msemaji, pamoja na mkeka au zulia chini, huleta mabadiliko makubwa kuliko kuhama kutoka maikrofoni ya bei ya chini hadi ya bei ya kati.

Kelele za nje nazo zina majira yake. Mvua ya masika juu ya mabati yasiyo na dari haishindwi na chombo chochote. Wakati huo ni heri kuacha kurekodi na kuandika yaliyokwisha kurekodiwa. Karibu na ziwa upepo huzidi mchana, na injini za mitumbwi husikika mbali. Jogoo, nyenje na redio ya jirani kila kimoja kina saa yake. Mtafiti anayeishi mahali hapo huzijua saa hizo, naye amemshinda mgeni ajaye na vyombo bora kwa siku tatu.

Iko kelele nyingine isiyotambulika upesi: mvumo wa umeme. Umeme wa Tanzania hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, na waya mbovu au chaja ya kompyuta huweza kuingiza mvumo huo katika rekodi pamoja na vizidisho vyake vya 100 na 150. Msomaji atatambua mara moja kwamba hapo ndipo ilipo sauti ya mwanamume. Programu ya kupimia sauti, kama Praat iliyotungwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, huweza kuufuata mvumo ikidhani ni mzee. Dawa yake haina gharama: ondoa chaja, endesha kompyuta au kinasa sauti kwa betri, na uzime jokofu lililo karibu ukikumbuka kuliwasha tena.

IV. Maikrofoni

Kilichopotea kwenye maikrofoni hakirudi. Hedifoni mbovu zaweza kubadilishwa mwakani na rekodi ile ile ikasikilizwa upya. Lakini sauti iliyopokewa vibaya itabaki vibaya, na huenda mwenye sauti akawa hayupo tena. Kwa hiyo mwenye fedha za kutosha kitu kimoja tu na aanze na maikrofoni.

Aina za maikrofoni zimhusuzo mtu wa nyumbani ni mbili. Ya kwanza ni ile ya koili, ambayo ndani yake utando uliofungwa uzi wa shaba hutikisika karibu na sumaku na kuzaa umeme. Ni ngumu, huvumilia vumbi na kuangushwa, wala haihitaji umeme wa kuilisha. Mfano wake ujulikanao ulimwenguni kote ni Shure SM58, iliyotolewa mwaka 1966 na ingali ikitengenezwa. Udhaifu wake ni kwamba umeme wake ni mdogo, hivyo huhitaji kikuza sauti chenye nguvu na utulivu. Kikuza sauti duni kitaongeza mchakacho wake chenyewe juu ya sauti ya bibi anenaye kwa upole.

Aina ya pili ni ya kondensa, ambayo utando wake mwembamba hukaa mbele ya bamba lenye chaji ya umeme. Hii hupokea vizuri sauti ndogo na sauti za juu, na kwa irabu na mikwaruzo ni bora. Lakini nyingi za aina hii huhitaji umeme wa volti 48, upelekwao kwa waya ule ule wa sauti kutoka kwenye kinasa sauti au kisanduku cha kuunganishia kompyuta. Nazo hupokea pia jogoo, jirani na mwangwi. Basi kanuni yaweza kusemwa kwa ufupi: chumba kilichotulia huifaa ya kondensa, chumba chenye kelele kisichoweza kutulizwa huifaa ya koili, ikiwekwa karibu na kinywa.

Baada ya aina huja mwelekeo. Kuna maikrofoni isikiayo pande zote, na iko isikiayo zaidi upande wa mbele. Hii ya pili huzuia kelele za nyuma, na kwa sababu hiyo hupendwa. Lakini ina tabia ambayo mtu wa lugha hapaswi kuisahau: ikisogezwa karibu sana na kinywa, hukuza sauti za chini kuliko zilivyo. Redioni jambo hilo hupendeza, kwa maana msemaji huonekana ana sauti nzito yenye heshima. Katika uchunguzi wa irabu ni hatari, kwa kuwa hubadili uwiano wa sauti za chini na za juu, na msemaji akisogea mbele na nyuma uwiano nao husogea. Isikiayo pande zote haina tabia hiyo, ila hutaka chumba kimya.

Umbali ndio ufunguo wa mambo haya yote. Katika uwazi, umbali kati ya kinywa na maikrofoni ukiongezwa mara mbili, nguvu ya sauti hupungua kwa desibeli 6. Mzee aliyeanza kusimulia akiwa sentimita 20 kutoka kwenye maikrofoni, kisha akaegemea kiti chake akawa sentimita 80, amepoteza desibeli 12, na mwangwi wa chumba haukupungua hata kidogo. Kwa sababu hiyo maikrofoni ndogo ya kubanwa kifuani, au ile ivaliwayo kichwani ikikaa pembeni mwa kinywa, yaweza kushinda maikrofoni kubwa ya mezani iliyoizidi bei mara nyingi. Msimulizi wa Mara hutumia mikono, kichwa na mwili mzima. Si adabu kumwambia mzee asitikisike, wala hadithi haitakuwa ile ile akitii.

Yafaa pia kuzima kile kirekebishi cha nguvu kilichomo katika simu na vinasa sauti vingi, ambacho hupandisha sauti ndogo na kushusha kubwa chenyewe. Kikiachwa, pumziko la msimulizi hujazwa kelele zilizokuzwa, na silabi yenye nguvu hulinganishwa na isiyo na nguvu. Rekodi yenyewe na iwe ya WAV, yenye sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24. Kwa maikrofoni moja saa nzima huchukua karibu megabaiti 520, mzigo ambao kadi ndogo za siku hizi hubeba bila taabu. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp hubanwa kwa kutupa sehemu za sauti. Wafaa kwa salamu, na ni heri kuwa nao kuliko kukosa kabisa, lakini usiwe msingi wa kudai kwamba lugha ina irabu kadhaa.

V. Hedifoni

Ikiwa maikrofoni ni shahidi, hedifoni ni baraza la hukumu. Kazi yake ni mbili, nazo zinapingana kidogo. Wakati wa kurekodi, mtafiti huzivaa ili kutambua kasoro papo hapo: waya uliolegea, upepo, kitambaa kinachosugua maikrofoni, mvumo wa umeme. Baadaye, wakati wa kuandika, huzivaa saa nyingi akirudia sentensi moja mara kumi.

Kwa kazi ya kwanza zahitajika hedifoni zilizofungwa nyuma, ambazo huzuia kelele za nje zisiingie na sauti yake isitoke kurudi kwenye maikrofoni. Sony MDR-7506, iliyotoka mwaka 1991, na Beyerdynamic DT 770 Pro ni mifano ijulikanayo. Kwa kazi ya pili watu wengi hupendelea zilizo wazi nyuma, kama Sennheiser HD 600 ya mwaka 1997, kwa kuwa sauti yake ni pana, masikio hayapati joto, na uchovu huchelewa. Lakini zilizo wazi hupitisha kila kelele ya nyumba, na kila aliye chumbani husikia anachosikiliza mvaaji. Mwenye uwezo wa kununua jozi moja tu, akiishi katika nyumba yenye watu, na achukue zilizofungwa.

Jambo la pili ni ukinzani, upimwao kwa omu. Simu na kompyuta ndogo hutoa umeme mdogo. Hedifoni za omu 32 hadi 80 huendeshwa nao bila shida, lakini zile za omu 250 au 300 mara nyingi husikika dhaifu mpaka kiongezwe kikuza sauti. DT 770 Pro hutengenezwa kwa omu 32, 80 na 250. Mnunuzi asiyesoma namba hiyo juu ya kisanduku aweza kurudi nyumbani na chombo kizuri kisichosikika, akadhani ametapeliwa.

La tatu ni unyofu. Hedifoni nyingi za madukani hukuza besi makusudi ili muziki utikise. Besi iliyokuzwa hufunika sauti zilizo karibu juu yake, na huko karibu ndiko iliko ile fomanti ya kwanza ya irabu za juu. Mtu aweza kuandika irabu saba kuwa tano kwa sababu ya ladha ya muziki ya fundi aliyezitengeneza hedifoni zake.

Hapa hapana budi kutoa onyo juu ya hedifoni zisizo na waya. Kwa kusikiliza redio hazina kosa. Lakini hedifoni za Bluetooth hubana sauti, na hali huwa mbaya zaidi maikrofoni yake ikiwashwa: mara nyingi chombo huhamia katika hali ya simu, chenye sampuli 8,000 au 16,000 tu kwa sekunde. Katika 8,000 hakuna kinachosalia juu ya mitetemo 4,000, yaani *thamani* imekwisha kukaribia *samani*. Zile zifutazo kelele kwa umeme nazo hubadili sauti zifanyapo kazi hiyo. Zafaa safarini ndani ya basi la Mwanza, na ni vema kuuzima ufutaji huo unapoandika.

Mwisho, masikio yenyewe ni chombo kisichouzwa. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, katika kiwango chao cha mwaka 2019, waliweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 katika juma kwa mtu mzima. Atakayeshindana na kelele za nyumba kwa kupandisha sauti ataishia kuwa mchunguzi asiyesikia alichokuja kuchunguza.

VI. Majaribio ya mnunuzi

Mnunuzi asiende dukani mikono mitupu. Na achukue katika simu yake rekodi tatu za WAV alizozifanya mwenyewe. Ya kwanza iwe orodha ya jozi za maneno zitofautianazo kwa irabu au konsonanti moja, zilizosemwa na mtu aijuaye lugha tangu utoto. Jozi hizo ziulizwe kwa mwenyeji, zisibuniwe na mtafiti. Ya pili iwe sentensi moja katika nyakati mbili za kitenzi zitofautianazo kwa toni. Ya tatu iwe sekunde 30 za ukimya chumbani kwake.

Rekodi ya kwanza na ya pili azisikilize katika hedifoni mbili au tatu bila kutazama bei, akiandika anachosikia. Hedifoni zitakazomfanya aandike sawasawa mara nyingi zaidi ndizo zake, hata kama si tamu kuliko nyingine. Rekodi ya tatu itamwonyesha kama hedifoni zinafichua mvumo na mchakacho, au zinaufunika kwa heshima. Ukimya ni mtihani mgumu kuliko wimbo.

Kwa maikrofoni, jaribio lifanywe nyumbani, maana duka si chumba chake. Mtu yule yule aseme orodha ile ile kwa simu, kisha kwa maikrofoni mpya, umbali ukiwa mmoja. Ikiwa msikilizaji hatambui tofauti, basi kwanza na akirudie chumba, kisha ndipo ailaumu maikrofoni.

Mpangilio wa matumizi, kwa maoni yangu, ni huu: kwanza mablanketi na utulivu, ambavyo havigharimu kitu, pili maikrofoni na kifuniko chake cha kuzuia upepo, tatu hedifoni zilizofungwa, nne kikuza sauti kizuri, ikiwa maikrofoni yahitaji, na tano, fedha zikibaki, hedifoni za pili. Jozi hiyo ya pili si anasa. Mzee aliyevalishwa hedifoni akasikiliza hadithi yake mwenyewe hugeuka kuwa mwalimu: husema, hapa nilikosea, neno hilo hatulitamki hivyo, andika hivi. Na mtu aliyesikia hasa kilichochukuliwa kwake ndiye awezaye kutoa idhini ya kweli kitumike au kisitumike.

VII. Hitimisho

Butiama ndiko alikozaliwa Mwalimu Julius Kambarage Nyerere mwaka 1922, na ndiko alikozikwa mwaka 1999. Kiswahili chake tunaweza kukisikia hata leo, kwa kuwa hotuba zake zilirekodiwa na kutunzwa; vijana waliozaliwa baada yake huijua sauti yake, na mwanafonetiki aweza kuipima. Wazee wengi wa rika lake waliosimulia kwa Kizanaki jioni baada ya jioni hawakuwa na maikrofoni mbele yao, na namna walivyotamka imekwenda pamoja nao. Wajukuu wao bado wanayo sehemu yake, na baadhi ya wajukuu hao ndio wasomaji wa makala haya.

Studio haitafika katika kila nyumba ya Butiama au Bunda, wala haihitajiki. Chumba kilichotulizwa, maikrofoni moja iliyowekwa mahali pake na hedifoni zisizopendelea hutosha kutunza tofauti ambazo lugha imezitunza kwa karne nyingi bila msaada wetu. Anayesubiri mpaka apate chombo kilicho bora kuliko vyote na akumbuke kwamba msemaji wake hasubiri. Na arekodi leo kwa alicho nacho, akiandika pembeni ni chombo gani alichotumia, umbali gani na chumba gani, ili atakayesikiliza baada yake ajue ni kiasi gani cha kuamini.